Kanga Niliyomvalia Nesi

Kwetu Ngamiani mwanamke mwenye wivu hasemi, huvaa kanga. Mume wangu alipopasuliwa moyo, nesi mmoja kijana alikuwa habanduki kifuani pake. Kila akipita anainama, anapapasa, anamuuliza kwa upole kama anaumia. Mume anatabasamu, mimi nang'ata mdomo. Kesho yake nikajifunga kanga iliyoandikwa "Huyu ana mwenyewe, utaishia kutazama," nikakaa kitandani ubavuni kwake kumzibia nesi njia.

Nesi akaja, akafunua shuka, akashtuka. "Mama, inuka. Umeukalia mpira unaotoa damu kifuani. Ndio ninaokuja kuuangalia kila mara; ukiziba, damu itambana moyo."

Nikainuka, nikampa mgongo. Akaunyoosha mpira, damu ikatembea, kisha akayasoma maneno yaliyokaa makalioni mwangu.

"Kweli mama," akasema, "natazama tu."