Mdalasini wa Kwenye Jiwe

Mdalasini mbichi haunuki kama ule wa kwenye chai. Gome likibanduliwa wakati wa masika, mti ukiwa umejaa maji, hutoa harufu kali inayong'ang'ania vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Niliijua nikiwa na miaka kumi na miwili, kwenye mteremko wa kijiji cha mama yangu, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru.

Kwetu Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama. Mwanamume aliyeoa hupewa mahali pa kulima, na akishavuna mahindi yake, shamba hubaki la wenyewe. Baba alipewa mteremko na mjomba, kaka mkubwa wa mama, aliyesimamia ardhi ya ukoo. Akapanda mdalasini, wala hakuuliza. Mjomba alipoiona miche alicheka bila furaha. "Shemeji, mahindi yanavunwa yanakwisha. Hapa unapanda miti au unapanda mpaka?"

"Ninawapandia watoto wa dada yako," baba akamjibu.

Kesi yao ilianzia hapo. Walifikishana barazani miaka yote ya utoto wangu, na miaka hiyohiyo mimi, binti wa kwanza wa baba, nilipanda mteremko kila jioni ya kiangazi, ndoo kichwani, kwenda kuimwagilia miche. Mti mmoja ulioota kando ya jiwe, baba aliniambia ni wangu. Gome lake la kwanza lingeninunulia sare na godoro la sekondari.

Masika yale nilipokuwa na miaka kumi na miwili, baraza liliamua: ardhi ni ya ukoo, miti ni ya aliyeipanda. Baba alikuwa ameshinda. Tulibandua tawi moja la kujaribia, na siku nzima nilikuwa nikinusa mikono yangu kama mwendawazimu.

Ilikuwa Kwaresima. Jumapili iliyofuata padre alihubiri juu ya mtu anayeleta sadaka huku ana ugomvi na ndugu yake. Kwenye foleni ya komunyo baba alikuwa amebakiza watu wawili afike mbele, akageuka akamwona mjomba amebaki kwenye benchi, kichwa chini. Tangu kesi ianze mjomba hakuwa akipokea. Baba akatoka kwenye foleni, akaenda kukaa kando yake.

Baada ya misa nilimfuata hadi kwa mjomba. Nikatoa shikamoo yangu, hakuna aliyeisikia. Baba akakiweka kizingitini kisu chake cha kubandulia gome. "Miti chukua, shemeji. Nimechoka kumwendea Mungu na kesi mkononi."

"Umeshinda, halafu unanipa? Unaumwa?"

"Nilikuwa naumwa."

"Na wangu wa kwenye jiwe?" nikauliza.

"Na huo, mwanangu."

Nyumbani mama alisema jambo moja tu. "Miaka yote hiyo mwanao amebeba maji."

"Imeshakwenda," baba akasema. "Nikiing'ang'ania nitapoteza na iliyobaki."

Bila miti hatukuwa na cha kuvuna mlimani, tukahamia Mlali, bondeni, kwenye shamba la kukodi, kulima nyanya. Niliacha darasa la sita kule mlimani, na shule mpya sikuianza kamwe; nyanya zilihitaji mikono. Baba alisali kabla ya kugusa jembe, kisha akalima huku akipiga mluzi. Niliuchukia mluzi ule. Mjomba aliezeka nyumba yake bati kwa pesa ya mdalasini wetu, akarudi kupokea komunyo kila Jumapili.

Baba amezikwa Mlali. Mimi nimekata miwa mashambani, nimewapikia wajenzi wa barabara, nimeuza ndizi chuoni Mzumbe na kusoma kila karatasi ambayo wanafunzi walisahau mezani kwangu. Hakuna kazi niliyokaa nayo masika mawili. Mwaka huu nilipanda kijijini. Mjomba amezeeka, haoni vizuri, ila alinijua kwa sauti. Akanipa kisu kilekile, mpini mpya. "Wewe ni wa ukoo huu. Baba yako hakuwa wa hapa, wewe ni wa hapa. Kabandue."

Nilifika kwenye jiwe. Mti umenenepa, mikono yangu haiwezi kuukumbatia. Nilikwangua kidogo kwa kucha, nikanusa, kisha nikarudi nikakiweka kisu kizingitini, palepale baba alipokiweka, nikashuka mlima. Baba alipoiacha miti alijua anakwenda wapi. Mimi nilifika barabarani nikasimama, nikingoja gari lolote litakalotangulia kufika, popote liendako.