Daraja la Maji la Kanamkemer

Cheka ukitaka, nimeshachekwa na wengi hapa Lodwar. Lakini haya yametokea sebuleni kwangu, Kanamkemer, jua likiwaka, na pombe mimi sinywi.

Mume wangu, Baba Neema, anafuga samaki wa mapambo ndani ya matangi mawili ya kioo. Mfereji wetu hukauka wiki nzima, yeye na samaki! Siku moja akaunda daraja la maji: bomba pana la kioo lililopinda, mguu mmoja umezama tangi hili, mwingine tangi lile. Akafyonza hewa kwa mpira mwembamba, maji yakapanda, yakajaa, yakakaa huko juu. Samaki wakawa wanavuka hewani, majirani wanashangaa. Shida ni joto letu: maji yakipungua mpaka mguu wa bomba utokeze, hewa inaingia na daraja linabomoka. Kwa hivyo kila jerikeni ikawa ya samaki kwanza.

Mchana huo akaingia mama mzee, shanga hadi kidevuni, midomo imepasuka.

"Ejok," akanisalimu Kiturkana. "Nipe maji."

Nikamchotea kikombe. Baba Neema akaninyang'anya, akakimimina ndani ya tangi mbele ya macho ya yule mama.

"Haya ni ya samaki, mama. Mengine hakuna."

Niamini, samaki wote waliingia kwenye daraja wakatulia tuli, wakimtazama. Naye akalitazama daraja.

"Hii maji inakaa tu huko juu?"

"Inakaa," mume wangu akajibu kwa majivuno.

"Basi ikae."

Akatoka. Nilimkimbilia na kikombe kingine, uwanja mtupu. Angejificha wapi, na hata kichaka hakuna?

Jioni Baba Neema akainua glasi anywe. Akaiinamisha, akaigeuza juu chini kabisa. Maji yakabaki ndani! Nilipiga yowe.

Mpaka leo, chombo akishika yeye, maji hayashuki. Namnywesha mimi kama mtoto, na samaki wake nawajazia mimi. Tumeombewa hadi Kakuma, wapi! Nilikuwa nimepata uhamisho wa kazi kurudi Kakamega kwa binti yetu, Neema, anayelelewa na nyanya yake. Ningemwacha na nani wa kumnywesha? Nafasi amepewa mwingine. Baba Neema hataki kuhama. Anakaa mlangoni akimngoja yule mama arudi, amwombe msamaha. Neema hupiga simu: "Mama, unakuja lini?" Nimjibu nini?

Ninyi mlioolewa, mgeni akiomba maji, mpe kabla mume hajafungua mdomo. Atakayelaaniwa ni yeye. Atakayefungwa ni wewe.