Gari la Baba na Kinu cha Bibi

Fundi alitoka chini ya gari kwa mgongo, akaweka vipande viwili vya mti sakafuni na kuniuliza, "Dada, hivi ni vya nini?" Nilikuwa nimekalia ndoo iliyogeuzwa, pale gereji ya Chang'ombe, hii ya mjini kwetu, si ile ya pwani, na mdogo wangu alikuwa nje anaongea na simu. Niliviangalia. Vilikuwa vyeusi kwa grisi na vumbi la miaka, kila kimoja ukubwa wa nusu tofali la saruji, na upande mmoja umebonyea kwa ndani. Nilijua ni vya nini hata kabla hajamaliza kuuliza. Nikamjibu kwamba sijui.

Nikuambie ukweli, rafiki yangu, tangu baba afariki mwezi wa nne nimekuwa hivyo. Mtu ananiuliza jambo, najibu lolote linalokuja mdomoni. Msibani sikulia. Mashangazi walinitazama kwa jicho la pembeni, na jirani yetu mmoja akanitetea kwamba mtoto wa kwanza hulia baadaye. Nikaisubiri hiyo baadaye, haikuja. Nilipika, nilitandika mikeka, nilipokea wageni, na wiki iliyofuata nikarudi ofisini nikakuta mafaili yangu yananisubiri. Ni ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila yale maumivu ya mguu kuamka mimi sikuyapata.

Gari ndicho kitu baba alichotuachia. Ni difu mbili la zamani, la kijani kilichopauka, la kusukuma magurudumu yote manne kwenye tope na mchanga. Mdogo wangu anataka kulinyanyua: springi mpya, shokapu ndefu, matairi makubwa yenye meno, awe anapeleka wageni porini. Mama alikubali kwa sababu lilikuwa linaozea uani kwetu Miyuji na kuku wamelifanya banda. Nikatumwa mimi kulisimamia gereji kwa kuwa nilikuwa likizo, na kwa kuwa mdogo wangu akikaa na mafundi huwa anakubali kila anachoambiwa. Yeye hajui kwamba gari hilo lilishanyanyuliwa zamani. Alikuwa hajazaliwa.

Mimi nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa bwana mifugo, na Miyuji ya wakati ule ilikuwa nusu mji, nusu mashamba ya zabibu; ukitoka mlangoni unasikia mbuzi kabla ya kusikia gari. Kila likizo tulikwenda kijijini kwa bibi, mama yake baba. Sijui kama wewe ulikuwa na mahali kama hapo. Mimi nikifumba macho napata kwanza harufu ya moshi uliokaa kwenye udongo wa tembe, halafu mlenda, halafu sauti ya mchi alfajiri, bibi akitwanga uwele kabla jua halijawa kali. Aliniita mke mwenzie. Akiniona nachelewa kuamka alikuwa anasema, "Mke mwenza gani huyu, mume atakula nini?" Na babu mwenyewe alikuwa ameshafariki siku nyingi.

Kati ya barabara na kijiji kulikuwa na korongo. Kiangazi lilikuwa mchanga mtupu, wanawake wanachimba visima vya mkono humo na watoto tunateleza kwenye kingo. Masika lilikuwa kitu kingine. Maji yalikuja ya kahawia, kwa ghafla, kutoka mbali ambako wewe hata wingu lake hukuliona, na gari la baba wakati ule lilikuwa fupi. Tulikuwa tunafika ukingoni, baba anashuka, anavua viatu, anapima kwa fimbo, anarudi na kusema, "Tugeuke."

Mwaka uliotangulia tuligeuka tukiwa tumekwenda kumchukua bibi. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kwenye hospitali ya misheni wiki moja tu kwa mwaka, na wiki hiyo iliangukia katikati ya mvua, msimu wa kulima ambao bibi hakukubali kuacha shamba lake aje kukaa mjini. Hospitalini walituambia kwamba kuchelewa mwaka mmoja kunaweza kuvumilika, miwili hapana. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alirudi nyumbani akasema gari litanyanyuliwa.

Fundi wake alikuwa mzee mmoja wa pale pale Chang'ombe, baba wa huyu fundi aliyeniuliza. Mzee huyo alipata matairi ya lori dogo yaliyotumika. Akakata madigadi kwa mkasi wa bati ili matairi yasikwangue. Mbele akaongeza bapa moja moja kwenye springi. Nyuma alihitaji kitu cha kuweka kati ya springi na ekseli, halafu akaze kwa yubolti ndefu, zile bolti zilizopinda kama herufi U. Vyuma alivyoagiza havikuja, wiki ikapita, nyingine ikapita. Mwisho akamwambia baba, "Nitafutie mti mgumu, uliokauka miaka mingi, usiopasuka. Utabeba kuliko hicho chuma."

Nilimwona baba amepata wazo. Likizo ya Desemba, mvua hazijaanza, tulikuwa kwa bibi. Nyuma ya jiko lake kulikuwa na kinu cha zamani, chenye ufa chini, ambacho hakikutwangiwa tena. Kuku alikuwa anatagia humo. Baba alisema ni mpingo. Fundi baadaye alisema ni mninga mzee. Siku hiyo bibi alikuwa kanisani. Baba alikiinamia kile kinu, akakigonga kwa kidole, kisha akaniambia nimtoe kuku. Nikamtoa. Akakipakia nyuma ya gari la jirani lililotupeleka, akakifunika kwa turubai na kusema, "Bibi usimwambie. Nitamletea kingine."

Sijawahi kumlaumu kwa hilo. Alizaliwa nyumba hiyo, akalelewa kwa uwele uliotwangwa ndani ya kinu hicho hicho, lakini ni mwanamume, hakuwahi kushika mchi hata siku moja. Aliona mti mgumu mkavu wenye ufa. Mwanamke wa kwetu asingekosea hivyo.

Wiki ya madaktari ilipofika, mwezi wa pili, tulikwenda na gari likiwa limenyanyuliwa. Nilikaa mbele na nilikuwa naona mpaka ndani ya nyua za watu. Korongoni maji yalikuwa yamejaa. Baba alishuka, akapima, akarudi, na safari hii hakusema tugeuke. Tuliingia. Maji yakafika kwenye bampa, gari likayumba, likashika, likapanda upande wa pili likitiririka, na baba akacheka kwa sauti. Mimi naikumbuka hiyo kama mara pekee niliyomsikia akicheka hivyo.

Asubuhi bibi alikuwa tayari kabla yetu. Alikuwa amejifunga kitenge cha kanisani na kushika kifurushi cha karanga cha kuwapelekea madaktari. Alilisogelea gari, akapapasa mlango, akashuka na mkono mpaka kwenye tairi.

"Limekua hili," akasema. "Wameliinua kwa kitu gani?"

Baba alikuwa upande wa pili anafunga mzigo. Bibi alikuwa ananiuliza mimi. Na mimi nilikuwa na fahari, rafiki yangu. Nilikuwa nimemtoa kuku kwa mikono yangu mwenyewe, nilijiona nina sehemu katika kazi ile, na nilidhani atafurahi kama nilivyofurahi mimi. Nikamwambia, "Kwa kinu chako, bibi."

Akaondoa mkono kwenye tairi, akaufuta kwenye kitenge.

Kwetu kinu hakikaliwi. Mtoto anajifunza hilo kabla ya kujifunza kuhesabu. Ukikalia kinu utachapwa na yeyote aliye karibu, hata kama hakujui. Nami nilikuwa najua. Ila sikuwa nimeunganisha, kwa sababu kilikuwa kimeshakatwa na kupakwa grisi, na kilikuwa chini kabisa ambako hakuna anayekiona.

Baba alizunguka gari akaja. "Mama, ni vipande tu vya mti," alisema. "Viko huko chini. Wewe utakaa juu, kwenye kiti."

"Na kiti kiko juu ya nini?" bibi akauliza.

Baba akainama kuchungulia chini ya gari.

"Nilipewa na mama yangu siku naolewa," bibi akasema, kwa upole tu. "Siwezi kukikalia. Nitakwenda mwakani."

Walizungumza muda mrefu, kwa Kiswahili kisha kwa Kigogo, na hakuna aliyepandisha sauti. Shida ilikuwa moja. Vipande vikitolewa, gari haliwezi kuvuka korongo. Visipotolewa, bibi hapandi. Mkokoteni wa ng'ombe haungevuka maji yale. Baba alisimama ameshika usukani kwa nje ya dirisha, akauachia. Alasiri tulirudi mjini watatu kama tulivyokuja, baba, mama na mimi, na karanga za madaktari bibi akanipa mimi.

Mwaka uliofuata mvua zilichelewa na bibi alivuka mchanga mkavu kwa mkokoteni. Daktari alimmulika macho, akasema wamechelewa.

Toka hapo likizo zangu zilikuwa za kuwa macho yake. Nilimshikia fimbo kwenda kisimani na kanisani. Nilimchagulia mawe kwenye uwele. Yeye alinifundisha kujua mlenda umeiva kwa kusikiliza unavyochemka, jambo ambalo mpaka leo nalifanya na wanangu wananicheka. Hakunilaumu hata siku moja. Hakumlaumu baba. Na baba naye hakuniuliza kamwe nani alimwambia bibi, ingawa pale kijijini tulikuwa wawili tu tuliokuwa tunajua. Laiti angeniuliza. Ningelia siku ile, yakaisha.

Vile vipande hakuvitoa. Vyuma vilikuja baadaye, vikakaa stoo vikashika kutu. Sijui kwa nini aliviacha, na sasa hakuna wa kumuuliza. Bibi hakupanda gari lile mpaka mwisho. Akija kwetu alikuja kwa mkokoteni mpaka barabarani, kisha basi, na fimbo yake mkononi mwangu. Alifia kwetu Miyuji, nikiwa kidato cha pili, na baba akamrudisha kijijini kwa gari hilo, kwenye godoro, nyuma. Tulipofika korongoni alisimamisha gari mchangani, akazima injini. Mama akamuuliza kuna nini. Baba alikuwa anaangalia mbele.

"Leo hajakaa," akasema. "Amelala tu." Kisha akawasha gari tukavuka.

Siku hizi korongo lina daraja la zege, hata gari la kukodi mjini linapita bila kupunguza mwendo. Uwele unasagwa mashineni. Mashamba ya zabibu ya Miyuji yamekuwa kuta na mageti, na wafanyakazi wenzangu waliohamia na serikali hawaamini nikiwaambia palikuwa na mbuzi. Urefu ule wote baba alioutafuta hauhitajiki tena na mtu, isipokuwa mdogo wangu na wageni wake. Nilikuwa nayawaza hayo pale kwenye ndoo, na yalipita tu, hayakunigusa.

"Hivi vimekwisha kazi," fundi alisema. "Nikufungie vya chuma. Hivi nitavitia jikoni tuchemshie chai."

Kabla sijajibu, mdogo wangu akaingia, simu bado sikioni. Alitafuta pa kukaa. Ndoo nilikuwa nayo mimi. Akavisogeza vile vipande viwili pamoja kwa mguu, akavuta suruali magotini, akaanza kuinama.

"Usikalie."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Gereji nzima iligeuka. Mdogo wangu alibaki ameinama vile vile, hajakaa wala hajasimama, akanitazama.

"Dada, vipi? Ni miti tu."

"Ni kinu cha bibi," nikamwambia. "Na ni mimi niliyesema."

Hakuelewa, na nitamweleza siku moja. Lakini alisimama, akakata simu, akaviokota akanipa kimoja kimoja, bila kuuliza tena. Gari lilibaki kwa fundi. Sisi tulipanda bajaji, na dereva akaniambia niweke mzigo chini miguuni. Nikakataa. Nilivipakata vyote viwili, na grisi yake ikaingia kwenye gauni langu. Vilikuwa vizito. Kabla hatujafika Miyuji mapaja yalianza kuniuma, yakauma kweli kweli, na sikuvishusha.