Nilisahau kuonja kwanza

Leo mtu ameshika kikombe changu akakataa kunywa, na kosa lilikuwa langu.

Nimeanza hija ya kanisa letu ya kwenda Mugera kwa miguu, siku tatu za milima. Niko peke yangu. Baba Aline, mume wangu, niliyekuwa nikienda naye kila mwaka, tulimzika mwaka jana.

Tangu mtaani kwetu, Mutanga Nord, mama mmoja alikuwa nyuma yangu, rozari shingoni. Nikisimama, naye anasimama.

Mnajua vita ilivyotufanya. Siku hizi hakuna anayemuuliza mwenzake katoka kilima gani, yaani kijiji gani na upande gani wa vita, lakini kila mtu anajiuliza.

Kwenye kivuli nikamsubiri. Nikammiminia juisi ya ndizi kikombeni.

"Kunywa, mama."

Akakishika tu, na midomo imemkauka.

"Mi sina kiu."

Niliumia. Nusura nigeuke nirudi nyumbani.

Ndipo nikakumbuka. Kwetu anayetoa kinywaji huonja kwanza, mgeni aone hakina sumu. Miaka yote alionja Baba Aline. Mimi kazi yangu ilikuwa kumimina.

Nikakichukua kikombe, nikanywa funda moja, nikamrudishia. Akamaliza chote.

"Nilizani unataka kuniua," akasema.

"Na mi nilizani unanifuata uniibie."

"Nikuibie nini, mama? Hizo kandambili?"

Tukacheka hadi tukakaa chini. Kisha akafungua kitambaa chake, akavunja kiazi kitamu, akauma yeye kwanza, akanipa.

Kesho tunapanda pamoja.

Kwenu nyumbani, huwa anaonja nani?