Mstari wa Babu na Mstari wa Mjukuu

Nikifua shati, kola nairudia mara mbili. Nikiandika barua, naichana kwa sababu ya herufi moja iliyoinama. Kutengeneza programu nilijifunza kwa tabia hiyohiyo, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikiangalia masomo ya kompyuta kwa Kifaransa, ya watu nisiowajua, na kuyarudia mpaka mama akasema sauti ya mwalimu mmoja inamchosha kuliko jogoo wa jirani. Nasema haya mapema kwa sababu kosa nitakalolieleza watu walilidhani ni la uzembe. Lilikuwa kosa la usafi.

Parokia yetu hapa Kamina ilikuwa na vitabu vya zamani vya ubatizo, na mchwa walikuwa wameshavianza. Padri akaniomba niviingize kwenye kompyuta. Nilichukua laptop kuukuu, nikaiweka chini ya meza ya katibu wa parokia, ikawa seva. Ilitumia umeme wa paneli za jua zilizo juu ya ofisi, na haikuhitaji intaneti. Katibu, mzee aliyefundisha katekisimu miaka mingi kabla ya kukaa mezani, alifungua ukurasa kwenye tableti, akajaza fomu, akabonyeza kitufe.

Wengi hudhani kitufe ndicho kinachoandika. Kitufe hupeleka maneno tu. Kwenye seva kuna kipande cha maagizo, tunakiita fonksio, kinachoyapokea maneno hayo na kuyakagua. Yakiwa sawa, ndipo kinafungua hifadhidata na kubadilisha rekodi. Nilimweleza katibu kwamba hata yeye hamruhusu mwamini kushika kitabu cha ubatizo: mtu anakuja dirishani, anasema, na katibu ndiye anayeandika. Fonksio ni katibu wa ndani. Akaniuliza kama na huyo katibu wa ndani huenda kula saa sita.

Nilizipenda fonksio zangu kupita kiasi. Zilikataa tarehe isiyokuwepo. Zilikataa jina lenye nafasi mbili katikati. Nilizifungua kila asubuhi kuziangalia tu, kama mtu anayerudi kuhakikisha kwamba amefunga mlango.

Kitabu kimoja kilikuwa kimeliwa vibaya. Katibu aliinua kila ukurasa kwa ncha ya kisu, akanisomea, nikaandika, na ukurasa ukavunjikavunjika kama mkate mkavu. Tulikisoma mara moja. Mara ya pili haikuwepo.

Ijumaa moja nilipanga orodha yote kwa alfabeti, nikaona watu wanaojirudia. Jina moja, jina la baba moja, kijiji kimoja. Mwili ukaniwasha. Yule mwalimu wa simuni alikuwa amesema kwamba rekodi zinazojirudia ni ugonjwa wa hifadhidata, na katika mfano wake alibakiza ya zamani, akafuta mpya. Nikaandika fonksio ya namna hiyo. Nikabonyeza. Orodha ikapungua, ikapendeza. Halafu nikanakili hifadhidata kwenye kifaa kidogo ninachokivaa shingoni, nikaifuta nakala ya wiki iliyopita, kwa kuwa siwezi kuvumilia nakala mbili zisizofanana.

Sasa nikiri linaloniaibisha zaidi. Mimi ni Muluba. Nyumbani kwetu baba humwita mdogo wangu wa mwisho "papa", maana mtoto huyo anabeba jina la babu, na mama hutania kwamba baba mkwe wake amelowesha tena kitanda. Mwanaume akipata mtoto, humpa jina la baba yake mwenyewe. Mtoto huyo akikua na kuzaa, hufanya vilevile. Kwa hiyo babu na mjukuu wana jina moja, na baba zao pia wana jina moja. Hilo halihitaji shule. Nimelala nalo kitanda kimoja. Lakini mbele ya kioo niliangalia kwa macho ya mwalimu wa simuni, nikaona ugonjwa mahali palipokuwa na familia.

Jumanne akaja fundi cherehani mmoja, kijana wa hapa mjini anayeshona sokoni kwenye kambi ya jeshi. Alikuwa anamwoa binti wa mwanajeshi aliyetoka mkoa wa mbali. Baba mkwe alikuwa amehamishiwa mashariki na familia nzima ingepanda ndege Jumatatu. Arusi ilikuwa Jumamosi, Samedi kama tunavyosema hapa. Ikipita hapo, hakuna aliyejua ingekuwa lini, wala kama ingekuwepo. Alihitaji cheti chake cha ubatizo tu. Katibu akatafuta, akachapisha, akampa.

Kijana akasoma, akarudia kusoma.

"Papa," akamwambia katibu, "hii karatasi inasema nilishakufa. Sasa Samedi nani njo ataoa?"

Katibu alicheka mpaka akavua miwani. "Pengine bibi-arusi anapenda bantu ba kimya."

Mimi sikucheka. Nilijua palepale. Aliyebaki ni babu yake, ambaye kifo chake kiliandikwa pembeni mwa jina. Yeye alikuwa katika kile kitabu kilicholiwa, nami nilikuwa nimemfuta Ijumaa. Nikasema printa imechanganya kurasa, arudi kesho. Jioni nyumbani nilichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, nikaurudia, mama akaninyang'anya ungo.

Jumatano nilifika ofisini kabla ya katibu. Nilijua mwaka wa kuzaliwa wa yule kijana, alikuwa ameuandika kwenye fomu ya ndoa. Nilifikiri: watoto wengi hubatizwa Pasaka. Nikaweka Pasaka. Nikatunga namba ya ukurasa iliyofuatana vizuri na za jirani zake. Nikabonyeza, na fonksio yangu ikakagua kila kitu kwa uaminifu na kujibu kwa maandishi ya kijani kwamba rekodi imehifadhiwa. Nilikuwa nimeifundisha kukataa tarehe isiyokuwepo. Sikuwa nimeifundisha kumkataa mtu kama mimi.

Kijana alipokuja nikampa cheti, kimebaki muhuri wa padri. Akakisoma taratibu.

"Kumbe ni Pasaka," akasema. Akatuambia kwamba mama yake alikuwa akisimulia kila mwaka kwamba alibatizwa siku ya Watakatifu Wote, mvua ikawafungia kanisani, na mama yake wa ubatizo akamfunika kwa beseni njia nzima. Akakunja karatasi. "Mama alishakufa. Nazani alichanganya."

Alisema kwa upole, kama anayemsamehe. Nikashindwa kukaa.

"Mama yako hakuchanganya," nikamwambia. "Ile tarehe, minyi njo niliitunga."

Katibu akaacha kalamu. Kijana akauliza ya kweli iko wapi. Nikasema niliifuta, na kitabu hakisomeki tena. Nikaeleza yote, fonksio, Ijumaa, nakala ya shingoni, haraka haraka, nikijisahihisha katikati ya sentensi kana kwamba kuungama nako kunahitaji kupangwa vizuri. Kijana alikaa kwenye benchi. Akauliza atamwambia nini yule mwanajeshi: kwamba mashini ilimla?

Padri, katibu alipomwita, hakunifokea, na hilo liliniumiza zaidi. Alisimama nyuma ya kiti changu mpaka nikafuta rekodi ya uongo. Kisha akasema Kanisa hupokea neno la shahidi mmoja anayeaminika, kama alikuwepo na yuko tayari kuapa. Akamuuliza kijana kama yule mwanamke wa beseni yuko hai. Yuko hai, akajibu, anaishi mbali, Kabondo-Dianda, analima. Kijana akapiga simu nje, mtandao ukakatika mara tatu. Aliporudi alisema yule mama wa ubatizo amekubali, atakuja kwa pikipiki, ila kwao mvua haijakata tangu juzi na barabara ni ile ile ya matope.

Alhamisi hakuja. Niliandika upya ile fonksio ya kufuta mara tatu siku hiyo, na kila nikisikia pikipiki nilikwenda dirishani. Kijana alikuja mara mbili, mara ya pili aliangalia tu uso wangu akaondoka.

Ijumaa baada ya saa nane pikipiki ikasimama. Akashuka mama mnene, matope mpaka magotini, na furushi la samaki wakavu kwa ajili ya arusi. Kijana akamuuliza kwa mzaha beseni liko wapi. Akajibu kwamba lilitoboka zamani, yeye je, alifikiri chuma hakizeeki? Halafu akanigeukia.

"Njo weye mutoto uliua mujikulu ya bantu mu mashini?"

"Njo minyi, mama."

"Mashini yako haina nkambo? Haijue kama mutu anabeba jina ya nkambo yake?"

Nkambo kwetu ni babu, na ni bibi pia; mujikulu ni mjukuu wao. Nikamwambia kwamba mashini haikujua, lakini mimi nilijua.

"Basi weye ni mubaya kuliko mashini," akasema, akavuta kiti karibu nami. "Andika."

Aliapa mbele ya padri, mkono juu ya Biblia. Siku ilikuwa Watakatifu Wote. Mwaka aliupata kwa kuhesabu kutoka kwa kitinda mimba wake, aliyekuwa bado tumboni. Mtoto alikuwa na jino moja, na alimng'ata padri wa siku zile kidole. Nikaandika tarehe, wazazi, shahidi. Nikabonyeza, na fonksio ikakataa kwa maandishi mekundu: namba ya ukurasa inahitajika.

"Sasa njo saa yake ya kula," katibu akasema.

Sijawahi kumruhusu mtu aone kazi yangu haijakamilika. Siku hiyo nilifungua maagizo mbele ya watu wanne, mmoja akinipumulia begani, nikalegeza sharti la ukurasa, nikaongeza mahali pa kuandika "kwa ushuhuda". Vidole vilikosea mara nyingi. Nikabonyeza tena, ikakubali. Sehemu ya ukurasa ikabaki wazi, shimo jeupe katikati ya orodha yangu.

Mama akataka kuona. Nikamwonyesha babu, na chini yake mjukuu, majina yaleyale. Akapitisha kidole chenye mafuta ya samaki juu ya kioo.

"Bakae karibu," akasema, "lakini kila mutu na mustari yake."

Kioo nilikipangusa alipotoka tu. Siwezi kudanganya kwamba nilikiacha.

Jumamosi walioana. Nilisimama nyuma kabisa, nikamwona yule mwanajeshi akicheza na furushi la samaki kichwani, na nilikuwa nahesabu. Rekodi nilizozifuta kutoka vitabu vizima nilikuwa nimeziandika upya wiki ileile. Kwa kitabu kilicholiwa sikujua hata nilimfuta nani, maana fonksio yangu haikuweka kumbukumbu ya ilichofuta. Ila hifadhidata huipa kila rekodi namba, na namba ya aliyefutwa hairudi kwa mwingine. Katika sehemu ya kitabu kile kulikuwa na nafasi sita zilizorukwa, ukiacha ya bwana-arusi.

Fonksio mpya haifuti tena. Ikiona wawili wanaofanana inauliza, na katibu anajibu. Lakini hiyo ni ya kesho, haiwarudishi niliokwisha kuwafuta. Kila Jumapili baada ya misa nasimama mlangoni na daftari, nawauliza wazee wa kiume ni mjukuu gani anabeba jina lao, na alibatizwa lini, na nani alikuwepo. Wengine hunitania kwamba msichana huyu anatafuta mchumba. Nimepata wawili. Nafasi nne bado ziko wazi, na Jumapili iliyopita mvua ilinyesha wakati watu wanatoka, wote wakakimbia na kunipita.