Kiti cha Mbele

Fundi seremala alikuwa na kijiba cha roho, wala hakujisumbua kukificha. Tangu mdogo wake anunue gari jipya kwa mkopo, kila aliyeingia karakana kuulizia kabati alipewa kwanza habari za gari hilo. Eti dogo, eti bati lake jepesi, eti mwenyewe ni mhasibu tu wa shule na anajitia bosi. Ukimwitikia, unapunguziwa bei. Ukilisifu, jamani, hata stuli ya kukalia hupewi.

Tuseme ukweli, si gari lililomuuma. Lililomuuma ni Mama. Miaka yote, siku za kliniki ya presha, Mama alipelekwa na Fundi katika kipikapu chake kikuukuu, kaketi mbele, vumbi la mbao mpaka kwenye mtandio, wanapiga soga hadi hospitali. Sasa mdogo mtu alikuwa anapiga honi moja tu mlangoni, na Mama huyo, kajipaka mafuta anang'aa. Mara ya kwanza Fundi alifika akakuta wameshaondoka. Alirudi karakana, akaupiga randa ubao mzuri wa mlango kwa hasira mpaka ukawa haufai hata kwa rafu.

"Nanunua jipya," akamwambia mkewe jioni. "Tena kubwa. Lile lake likisimama pembeni lionekane toroli."

"Baba watoto, unanunua gari au unanunua ugomvi?"

"Nanunua gari la kumpeleka mama yangu!"

Mkewe alimjua vizuri, hakubisha. Alimwomba tu waulize sehemu mbili kabla ya kusaini popote. Wakaanza na benki. Afisa mikopo, binti mpole mwenye miwani, akawaeleza taratibu: riba inapungua kadiri deni linavyopungua, marejesho ya kila mwezi hayaumizi sana, ila wataweka rehani hati ya kiwanja cha karakana, na pesa zitatoka baada ya wiki kadhaa, kiwanja kikishakaguliwa.

"Wiki kadhaa!" Fundi akaruka kwenye kiti. "Kliniki ya Mama ni Alhamisi ijayo!"

Binti akamtazama mke, kama anayeuliza huyu mzee anaumwa nini.

Kutoka hapo wakaenda duka la magari. Huko walipokewa na muuzaji mwenye mdomo mtamu, hata nzi angemfuata. Hati ya kiwanja hawaitaki. Kipikapu wanakichukua kiwe malipo ya awali. Gari linatoka kesho kutwa. Na riba yenyewe, ukiisikia ikitajwa, ni ndogo kuliko ya benki. Mke akatoa simu yake, akapiga hesabu palepale. Kumbe riba hii haipungui. Unatozwa kwa deni zima mpaka mwezi wa mwisho, hata kama umebakiza kidogo tu. Jumla yake ilipita ya benki kwa bei ya mashine ya kupasulia mbao, ileile ambayo Fundi alikuwa akiiota usiku na mchana.

"Mashine yako hiyo inaondoka," akamnong'oneza. "Turudi benki, nakuomba."

Fundi hakuwa anasikia. Alikuwa ameligusa gari moja jeusi, refu, na mkono umegandia hapo.

"La mdogo wangu lina kamera ya nyuma?" akamuuliza muuzaji, kana kwamba muuzaji anamjua mdogo wake.

Muuzaji naye mjanja, hakupepesa jicho. "Halina, bosi."

Basi, biashara ikaishia hapo. Fundi akasaini kila karatasi aliyopewa. Mkewe alitoka nje, akatangulia nyumbani.

Alhamisi Fundi alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Mama. Mdogo wake alipofika, akashuka, akalizunguka gari jeusi mara mbili, akampa mkono.

"Hongera, kaka! Hiki ni chombo hasa!"

Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo nalo likamkera Fundi, maana alitaka kumwona akimeza mate.

Mama akatoka, akashika kiuno. "Mwanangu, hili ni letu?" Loo, kichwa kilimvimba Fundi, karibu kofia imtoke. Akamfungulia mlango wa mbele.

Mama akainua mguu. Ukafika nusu, ukarudi chini. Akajaribu wa pili. Akashika mlango kwa mikono miwili, akacheka, halafu akaacha kucheka. Goti lilikataa. Fundi akataka kumnyanyua, akapigwa kofi la mkononi.

"Niache! Unibebe kama gunia, watu wote wananitazama?"

Maskini ya Mungu. Riba aliambiwa, miezi aliambiwa, kamera aliulizia mwenyewe. Goti la Mama halikumpitia kichwani hata mara moja.

"Kesho nitakuchongea ngazi, Mama," akasema.

"Haya, kachonge. Leo daktari ananingoja."

Akaliendea lile dogo, akafungua mlango mwenyewe na kujitua kitini bila shida. Mdogo mtu aliinamia viatu vyake kwa haya. Fundi aliona heri angechekwa. Alisimama na funguo mkononi, machozi yanamlenga, mtu mzima na ndevu zake.

Kioo cha gari dogo kikashuka.

"We, funga hilo gari uje twende. Mimi kwani nina mtoto mmoja?"

Akaja. Akajikunja nyuma, magoti yamemfika kidevuni. Mama hakugeuka, alimgusa tu dereva begani.

"Nenda polepole, baba. Kaka yako hajazoea kukaa nyuma."