Mtu wa Kumshika Mkono Mama Akioga

Watu wa kwetu Meru hatujui kuamua jambo bila kikao. Mama alipoanza kunuka, tuliitisha kikao.

Ninalisema hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, ingawa siku ile hakuna aliyelitamka. Tulisema "hali ya mama". Tulisema amejisahau. Mwanamke aliyetulea kwa sabuni ya mche na jiwe la kusugulia visigino, sasa anakaa wiki nzima na kitenge kimoja, ukimkumbatia unazuia pumzi. Tukahitimisha kwamba akili inaondoka. Kusema kweli, mimi ndiye niliyehitimisha. Ni mtoto wa kwanza, nafanya kazi ofisini, na nimezoea kuhitimisha.

Mama alikuwa akiishi juu ya Tengeru, kwenye boma letu la migomba na kahawa, pamoja na mdogo wetu wa mwisho. Kwetu kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na wazazi na kurithi nyumba. Huyu wetu ana miaka arobaini na hajaoa, jambo linalotupa utani kila Krismasi, lakini kazi ya kumtunza mama aliifanya vizuri. Alimkamulia maziwa, alimpikia loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando anayoyapenda, alimpeleka kanisani kwa pikipiki. Kikaoni tulimlaumu kana kwamba alikuwa amemtupa. Aliinamisha kichwa, akasema, "Dada, kuna mengine mimi siwezi." Tukamwona mvivu.

Mmoja wetu alitaka tutafute msichana wa kuishi na mama huko huko. Mwingine alikuwa amesikia kuna masista wanaotunza wazee. Shangazi akasema kabla ya hilo tumzike kwanza yeye shangazi. Mimi nikasema mama anakuja kwangu Njiro, na kikao kikafungwa kwa sala. Muda wote huo mama alikuwa chumba cha pili, anamenya ndizi za mchana. Hatukumwita. Tulimpelekea uamuzi.

Njiro nilimtunza kama yai. Nilimnunulia kitanda cha hospitali, nikamtafutia dada wa kazi wa kumlisha na kumvalisha, na, Mungu anisamehe, nikamletea nepi za watu wazima, wakati mama hajawahi kulowesha shuka hata siku moja. Kila asubuhi aliogeshwa, akanukia, nikawatumia ndugu zangu picha kwenye kundi la familia. Wakaniita jembe.

Lakini mama alikuwa akipungua. Mwezi wa kwanza aliacha kuuliza habari za ng'ombe. Wa pili akaacha kushika kijiko, maana kila akikishika kilichukuliwa. Alishinda barazani akitazama ukuta wa jirani, na hata Mlima Meru wenyewe aliuona kwa upande asioujua. Nikiwa ofisini nilijiambia ndiyo uzee huo. Ulikuwa uongo, na nadhani nilijua.

Jumamosi moja dada wa kazi alikwenda kwao, nikamwogesha mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nilimsugua mgongo, naye akaanza kuongea, kwa Kimeru, taratibu. Alisema mvua za mwaka jana aliteleza kwenye bafu la nje, akabaki chini, uchi, mpaka nguvu zikamrudia. Kijana wake alikuwa hatua kumi tu, anakata majani ya ng'ombe. Hakumwita. Kwetu mtoto wa kiume haoni uchi wa mama yake, na mama hamwingizi mwanawe katika jaribu hilo. Tangu siku ile alinawa uso na miguu tu, kwa hofu ya ile sakafu.

"Sasa kwa nini hukutuambia, mama?"

"Mlikuja watano mkajadili nikalale wapi. Hakuna aliyeniuliza nashindwa nini. Nilikuwa nataka mtu wa kunishika mkono nikioga."

Nilikaa kwenye vigae vilivyolowa, nikalia. Nilijikasirikia, na yeye nilimkasirikia kidogo, maana ukimya wake na haraka zangu ndivyo vilivyomla nguvu. Nikamkumbuka mdogo wangu na kichwa chake kilichoinama. Alijua mama haogi na kwamba si kazi ya mtoto wa kiume, ila kinywa chake kisingeweza kulitaja mbele ya kikao.

Wiki iliyofuata nilimrudisha nyumbani. Fundi alikwangua sakafu ya bafu isiteleze na kuweka vyuma vya kushika. Mjane mmoja wa jirani, mwenzake mama wa kwaya, huja kila asubuhi kwa saa moja, anamwogesha, wanasengenya watu, anaondoka. Basi. Hiyo ndiyo huduma yote aliyokuwa akiihitaji tangu mwanzo. Kijiko amekirudia. Kisu bado, mkono unatetemeka, na daktari haahidi kitu.

Jumamosi ni zamu yangu. Majuzi nilikuwa namwagia maji mgongoni akaniuliza, "Na wewe mwanangu, ukifika huku, nani atakuogesha?"

Nina watoto wawili, wote wa kiume. Nilimwambia ainue mkono, nikaendelea kumsugua kwapa.